Kiti Alichoagiziwa Bi Pasi

Shangazi yangu ni dobi, na sijawahi kumwona akipiga pasi amekaa. Nalisema mapema ili mjue baadaye alikasirishwa na nini. Duka letu ni chumba kimoja chenye meza ndefu iliyotandikwa blanketi, pasi mbili za umeme, moja ya mkaa kwa siku za kukatika umeme, na kamba ya kutundikia mashati. Wateja walimbatiza Bi Pasi, jina la kwenye cheti chake likasahaulika. Husimama pale tangu asubuhi mpaka shati la mwisho, akizigombeza nguo kana kwamba zimemkosea, na jioni anarudi nyumbani kwa miguu huku mimi mpwa wake natafuta pa kujiegemeza.

Mwanawe, ambaye mimi namwita kaka, anaishi ng'ambo. Ni mtoto mwema, hilo simnyimi. Lakini aliingiwa na wazo kwamba mama yake amechoka, na halimtoki. Kila akipiga simu ni lile lile: pumzika mama, funga duka mama. Mwisho akamtumia tiketi aende kumwona mjukuu mchanga. Visa ilidai tiketi ya kwenda na kurudi, akakata zote mbili, kisha akanipigia mimi pembeni. Ile ya kurudi, akaniambia, ni ya kuwaridhisha wakubwa wa ofisi tu. Mama akishafika hatoki tena, nami nianze kumtafuta mnunuzi wa meza na pasi.

Nilimwambia simu inakatakata, sisikii vizuri. Halafu nikaenda kumweleza shangazi neno kwa neno.

Hakupandisha sauti. Alimaliza kola aliyokuwa akiinyoosha, akaisimamisha pasi. "Nitaenda kumwona mjukuu wangu," akasema. "Na nitarudi. Usiuze hata kibanio."

Shida ilikuwa Kiingereza, ambacho hakuwa nacho hata cha kuombea maji. Kaka alilifikiria na hilo: akamwagizia kiti cha magurudumu. Ndivyo watu wanavyowafanyia wazazi wasiojua lugha. Wanaandika kwamba mzee hawezi kutembea, basi anapokewa mlangoni, anasukumwa geti hadi geti kama gunia la viazi, wala haulizwi kitu. Mimi niliona ni nafuu. Shangazi aliona mbali zaidi. Mtu akishatolewa mlangoni amekalishwa kitini, akasema, mwana anatazama, mkwe anatazama, picha zinapigwa, nani atamsikiliza tena akidai anarudi kazini? Mgonjwa hushukuru tu, habishani.

Basi tukaanza masomo pale pale mezani. Kiingereza changu ni cha kuokoteza, ila nilimpa chote nilichokuwa nacho. "Wea izi geti" ni ya kuulizia lango. "Windo" ni dirishani. "Dilei" maana yake ndege imechelewa, tulia; "fainali koli" maana yake wewe ndiye uliyechelewa, kimbia. Tulipofika kwenye "bodingi pasi" alicheka mpaka akashika meza. Alitaka kujua hao watu wa ndege wananyoosha nini. Nikamweleza kwamba ni karatasi ya kupandia tu. Na pasi ya kusafiria? Hicho ni kijitabu. Akasema kama safari yenyewe ni pasi juu ya pasi, basi wamemkuta mwenye kazi.

Sentensi aliyoitaka kuliko zote ilikuwa ya kukikataa kiti. Nikamfundisha "Ai woki", yaani natembea. Aliirudia akinyoosha mashuka, mkono ukifuata maneno: "ai" kwenda, "woki" kurudi.

Yaliyotokea huko ameyasimulia dukani mara nyingi hata wateja wanamkumbusha akiruka mahali. Uwanja wa kwanza alikikataa kiti kwa kutikisa kichwa na jicho kali. Pa kubadilishia ndege aliuliza "Wea izi geti", akaonyeshwa kwa kidole, akafika mwenyewe. Mambo yaliharibika mwisho wa safari. Mwanamume wa makamo alimngoja mlangoni mwa ndege na kiti. Shangazi akampita. Naye, kwa kuwa ametumwa, akawa anamfuata nyuma na kiti kitupu, wakaongozana hivyo hadi kwa ofisa wa uhamiaji.

Ofisa akatazama karatasi, akatazama kiti, akamtazama shangazi aliyesimama wima kama mlingoti, akauliza kitu. Shangazi akajua zamu yake imefika. Lakini alikuwa amelirudia neno lake njia nzima huko angani, na irabu ikapinda bila yeye kujua.

"Ai weki," akasema.

Uso wa ofisa ukabadilika. "Weki?"

"Yesi. Ai weki. Evride."

Sasa, "weki" ni kufanya kazi, na "evride" ni kila siku. Na mwenye visa ya matembezi akitamka kwa kinywa chake kwamba amekuja kufanya kazi, anaweza kurudishwa na ndege iliyomleta. Ofisa akaweka kalamu chini, akainua simu. Shangazi hakujua amekosea wapi, lakini uso wa mtu anayekukatalia hauhitaji mkalimani. Mjukuu yuko nyuma ya ukuta ule. Na kiti kiko hapo nyuma yake. Angeketi tu, angeinamisha kichwa, yule mwanamume angemsemea yote.

Hakuketi. Aliweka mkoba kaunta, akageuka, akatembea. Alikwenda hadi mstari wa njano, akarudi, mabega juu, akijipiga paja kila hatua na kusema "Ai weki, ai weki." Akaenda tena. Alikuwa na hasira, anasema, hasira ya kuweza kumfikisha nyumbani kwa miguu.

Msukuma kiti ndiye aliyeng'amua kwanza. Akaangua kicheko, akaonyesha kiti kitupu, akamwambia ofisa, "Woki. Woki." Simu ikashushwa. Ofisa akabakiza swali moja, na neno lake shangazi alilijua kuliko yote.

"Ritani?"

Akaichomoa tiketi ya kurudi, akaibana kwenye kioo kwa kiganja. "Ritani," akasema. "Ai go homu."

Muhuri ukagongwa.

Nje, kaka alikuwa amesimama na mkewe na mtoto mikononi. Ananiambia macho aliyaweka chini, usawa wa kiti, maana hapo ndipo alipotarajia uso wa mama. Kiti kikatokeza. Juu yake limekaa begi, limefungwa mkanda vizuri, na anayesukuma ni shangazi. Yule mwanamume anatembea kando yake mikono mitupu, bado anacheka.

"Mgonjwa wako huyu hapa," shangazi akasema, akilipiga begi kofi. "Mtunze. Mimi nipe mjukuu wangu."

Alikaa mpaka siku za tiketi zikaisha. Alimwogesha mtoto, akanyoosha kila shati la nyumba ile, na kaka alipogusia habari ya duka alitia pamba masikioni. Akarudi. Safari hiyo hakuagiziwa kiti.

Juzi kaka alipiga simu tuko kazini. Nilimsikia akiuliza, kwa upole wake ule ule, kama mama anapumzika. Shangazi akaibana simu begani ili mkono usisimame. Siku hizi irabu zake zimenyooka.

"Ai woki," akamwambia. "Na ai weki. Yule ofisa sikumdanganya hata kidogo."