Barua Niliyopanda Nayo Mnarani

Baba yangu alikuwa mpagazi. Ujana wake wote uliishia kwenye njia ya misafara, kutoka kwetu Kwihara hadi pwani na kurudi, na alichoniachia si mali, ni miiko. Mmoja aliurudia mpaka ukanichosha: mtu mwenye mzigo kichwani hapewi habari za nyumbani. Atue kwanza, akae, anywe maji, ndipo aambiwe. Ukimwambia njiani, miguu itamwishia nguvu.

Nami, mwalimu mzima, nikaubeba mwiko huo mpaka Ulaya.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza. Nilichaguliwa kwenda kusoma kwao mwaka mmoja, nikamwacha mke wangu kwa baba, pamoja na binti yetu wa miaka sita. Siku moja, Jumatano, ikafika kwa ndege barua ya mke wangu. Wiki ile nilikuwa na mitihani mpaka Ijumaa, na Jumamosi tungepelekwa kuuona mnara wa kale wa mji ule. Nikajiambia, mzigo bado uko kichwani. Nitaisoma juu ya mnara, nimeshatua, nimekaa. Na nilivyojiona mjanja! Siku tatu naipapasa mfukoni, nacheka peke yangu. Mpumbavu mimi.

Mnara wenyewe ulikuwa wa mawe, mweusi kwa moshi wa makaa, wafalme wao waliujenga kabla hata Waarabu hawajafika kwetu Unyanyembe. Ngazi zilizunguka ndani ya ukuta, nyembamba, zimelika katikati kwa nyayo za watu. Mzee aliyetuongoza alituonyesha chumba walimofungiwa wafungwa, wakachora misalaba ukutani wakingoja habari za kwao. Nikamtania mwenzangu wa Nyasaland, "Maskini, hawa hawakuwa na mke wa kuwaandikia." Tukacheka. Kule juu upepo ulikuwa mkali, paa za mji zimetandaa chini yetu. Nikakaa juu ya jiwe, nikaifungua barua.

"Mwalimu, mtoto alichomwa na mwiba, mguu umeoza mpaka karibu na goti. Daktari wa Tabora anataka kuukata, anasema tusichelewe. Baba amekataa, anasema mwanao hakatwi mguu bila neno lako. Sikutaka kukupigia simu ya maandishi, ungedhani kuna aliyekufa. Nakuomba, jibu siku hiyo hiyo."

Siku hiyo hiyo! Ee Mungu wangu. Sijui nilishukaje zile ngazi. Najua magoti yalichubuka na kofia ilibaki huko. Nilikimbia mpaka posta, nikapeleka simu ya maneno mawili: Akatwe upesi.

Barua zilizofuata zilikuwa fupi. Neno lako limefika. Baba anakusalimu. Hatujambo. Nikashukuru. Kabla ya kurudi nilimnunulia binti yangu gongo la kutembelea, dogo, la mbao nyepesi, limefungwa ngozi laini pale pa kwapani. Melini watu walinishangaa nalalaje na gongo.

Stesheni ya Tabora walikuja wawili, mke wangu na baba. "Shikamoo baba." "Marahaba, mwanangu. Pole na safari." Hakuna aliyelitazama lile gongo. Nikauliza mtoto yuko wapi, baba akasema, "Twende nyumbani kwanza." Nikajua. Njia yote ya Kwihara nilijua, na bado nililibeba.

Nikapewa kigoda. Nikapewa maji, nikayanywa. Ndipo baba akasema: "Simu yako ilifika Jumatatu. Tulikuwa tumemzika Jumapili. Hatukukuambia, ulikuwa safarini." Akatoka nje. Nikamsikia akilia, mzee yule ambaye sikuwahi kumwona akilia.

Tukabaki mimi na mke wangu. Akaniuliza polepole, "Barua yangu uliipata lini?"

Nilikuwa nimefungua kinywa kusema Jumatano. Nikasema, "Jumamosi."

"Basi ni ndege ya barua iliyochelewa," akasema, akanishika mkono. "Wewe huna kosa, mume wangu."

Tuliishi pamoja mpaka tukazeeka, mpaka naye nikamzika. Miaka yote hiyo, ndege ikipita juu ya shamba letu, aliinua jembe na kuitukana. Nami nililima kando yake, sikuinua kichwa.