Siku Niliyoamuru Vioo Vishushwe

Aibu niliyoipata siku ya harusi ya mjukuu wangu Kabula hakuniletea mtu, niliiita mwenyewe kwa mdomo wangu huu, na kwa kuwa kuanzia Itetemia mpaka Cheyo kila mtu anaisimulia anavyotaka (wengine wameongeza kwamba nilidondoka kutoka kwenye gari, sikudondoka), bora niieleze mimi kama ilivyokuwa.

Kwanza mnijue. Mimi ni mwenyekiti wa akina mama kanisani kwetu, na sichekicheki. Anayechelewa mazoezi ya kwaya namsema, na miaka ile Mama Ngollo alipokutwa ananusa ugoro nyuma ya jiko la kanisa nilimsimamisha mbele ya wenzake, nikamwambia tumbaku tunailima shambani, hatuilimi puani, nikamtoa kwenye kamati ya jiko. Na mimi wakati namsema hivyo, ugoro wangu ulikuwa kwenye pindo la khanga, ndani ya kikopo cha dawa ya kuchua, na kila aliyekiona kile kikopo nilimwambia ni dawa ya kifua. Aliyejua ukweli ni Kabula peke yake, kwa sababu nimemlea tangu anatambaa, na bibi na mjukuu ni watani, yeye huniita mke mwenza, na mke mwenza anayelala nawe nyumba moja utamficha nini.

Basi bwana harusi, Masanja, kijana wa Lusu kule Nzega, alikuwa na rafiki mjini aliyemwazima gari jekundu lisilo na paa ili bibi harusi aonekane. Likaja mpaka uani kwangu, na dereva wake, Shabani, akashuka akanisalimia vizuri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Paa la hili gari liko wapi?"

"Limekunjwa, bibi, liko huko nyuma."

"Likunjue."

"Bibi, uzuri wa gari lenyewe ndio huo."

Nikapanda mbele, Kabula na msimamizi wake wakakaa nyuma na yale magauni yao, na hapo nikaona Shabani anapandisha vioo vyote vinne. Nikamuuliza, wewe, nyumba haina paa, unafunga madirisha ya nini?

"Vioo vikiwa juu, bibi, upepo unatupita. Tukivishusha unaingia ubavuni, unazunguka humu ndani, unawapiga waliokaa nyuma."

"Mimi nina watu wa kusalimia njiani. Niwapungie mkono nyuma ya kioo kama mgonjwa anayepelekwa hospitali?"

"Shusha tu, kaka Shabani," Kabula akasema kule nyuma. "Mke mwenzangu akishasema, imekwisha."

Vikashushwa. Matarumbeta mbele juu ya pikapu, sisi nyuma, watu wanatoka majumbani kuangalia, nami nasalimia kulia na kushoto. Babu wa babu yangu alipita njia hii hii na mzigo wa watu kichwani akienda pwani, jua linamchoma utosi, na mimi nimo ndani ya gari la fahari na jua lile lile linanichoma utosi ule ule, sikuona sana tulichoendelea, lakini nilifurahi, sitasema uongo.

Shida ni kwamba tangu alfajiri nyumba ilikuwa imejaa wanawake na sikuwa nimepata hata dakika moja na kikopo changu. Kichwa kikaanza kudai. Nikafikiri, wale nyuma wanaona kilemba changu tu, Shabani anaangalia barabara, ni kufumba na kufumbua. Nikafungua, nikamwambia Shabani kwa tahadhari kwamba ni dawa ya kifua, nikamimina kiganjani (na kwa ile hamu nilimimina mwingi, nakiri), na wakati nauinua kuelekea puani, pikapu ya matarumbeta ikatuacha na Shabani akakanyaga mafuta.

Upepo ukaingia ubavuni kama alivyosema. Hata chembe moja haikunifikia. Ugoro wote ulizunguka, ukaenda nyuma.

Nilisikia chafya ya Kabula, kisha ya msimamizi wake, kisha zote mbili pamoja. Nilipogeuka, mtoto machozi yanamtiririka, wanja umeshuka mpaka kidevuni, kope moja ya bandia imehamia shavuni kama kiwavi. Shabani naye akapiga chafya, gari likayumba.

"Bibi," akasema, "hiyo dawa ya kifua umeipata wapi?"

"Endesha gari."

Kanisani Kabula akaingia analia, na watu wakaanza kunong'ona. Wakavumilia mpaka mchungaji alipomuuliza kama anampokea Masanja kwa hiari yake, bila kulazimishwa na mtu. Kabula akafungua mdomo, chafya ikamjia, akaibana kwa kutikisa kichwa, kulia na kushoto, mbele ya kanisa zima.

Masanja uso ulimbadilika mpaka nikamhurumia. Mchungaji akafunga kitabu, akasema hawezi kumwozesha binti anayelia na kutikisa kichwa. Upande wa Lusu akasimama baba mdogo wa Masanja.

"Mchungaji, sisi tumetoka mbali. Kama binti wa watu hataki tuambiwe, tujue tunarudi na ng'ombe wetu au vipi."

Kabula akaniangalia. Angeweza kusema, neno moja tu. Akainamisha kichwa, akalia, akanilinda.

Ndugu zangu, pale nilipokaa nilipima. Upande huu kiti changu cha uenyekiti, upande ule ndoa ya mtoto. Na Mama Ngollo amekaa mstari wa nyuma yangu, namsikia anavyopumua. Nikasimama.

"Mchungaji, huyu halazimishwi na mtu. Ni ugoro umemwingia machoni."

"Ugoro wa nani?"

"Wangu."

Halafu nyuma yangu kikaanza kicheko kidogo, cha Mama Ngollo, kikakua, kikahamia kwaya, kikafika kwa watu wa Lusu, mpaka yule baba mdogo akajishikiza kwenye kiti. Maji yakaletwa, mtoto akaoshwa uso, akaulizwa tena. "Nampokea kwa hiari yangu," akasema, kisha akapiga chafya, na kanisa zima likamwitikia "pole."

Kutoka pale Shabani alipandisha vioo bila kuniuliza, nami nilitazama mbele. Ukumbini Mama Ngollo akavuta kiti akakaa ubavuni kwangu, akanyoosha kiganja chini ya meza.

"Mwenyekiti, na mimi kifua kinanisumbua."

Nikampa. Na Jumapili iliyofuata nikamrudisha kwenye kamati ya jiko, mbele ya wale wale, nikamwomba radhi.

Kwa hiyo nimeapa, na kiapo changu mkisikie vizuri msije mkakiongeza: nikipanda tena gari lisilo na paa, vioo vitapandishwa mpaka juu kabisa. Habari ya ugoro sijaapa.