Mluzi Sikioni mwa Mama

Baba alikuwa polisi, na hata baada ya kustaafu mama aliendelea kumwita Afande. Baba alitoka Gulu, mama Arua. Kwa kuwa hawakuwa na lugha moja ya nyumbani, waliishi kwa Kiswahili cha kambi ya polisi, nacho ndicho kilichotulea.

Mama alipoanza kuwa kiziwi, kaka yangu anayefanya kazi Nairobi alimletea kifaa cha kusikia. Kilikaa nyuma ya sikio kama haragwe, kikiwa na kipande cha plastiki kilichofinyangwa kwa umbo la tundu la sikio lake. Kilimfaa sana. Aliwasikia wauza mboga wa mtaa wetu wa Bukoto, Kampala, chini ya ghorofa yetu, akabishana nao bei kutoka dirishani.

Kisha baba akapata kiharusi. Nguvu za mguu zilirudi polepole, lakini sauti ilibaki ya kunong'ona. Ili mama amsikie, ilibidi baba aweke mdomo karibu kabisa na sikio lake, na hapo kifaa kilipiga mluzi, mwembamba na mkali. Baba akijitenga, unakoma. Akisogea, unaanza tena.

"Hiyo kitu inanikataa," baba alisema.

Tulibadilisha betri. Tukapunguza sauti, mluzi ukanyamaza, lakini mama naye hakusikia kitu. Nilipotaka kumpeleka kliniki alikataa. Alidhani kimeharibika, na hakutaka kumsumbua kaka tena. Mwishowe akawa anakivua kila baba alipokuja kukaa kando yake. Majirani na wageni walimpata mama anayesikia. Mume wake hakumpata. Walikaa kwenye kochi, televisheni ikiwaka, wameshikana mikono, baba akinong'ona na mama akiitikia kwa kichwa kana kwamba anasikia.

Baba alifariki wakati wa mvua, tukamzika kwao Gulu. Kila mwombolezaji aliyemkumbatia mama alikiamsha kile kifaa, na watu wakawa wanashtuka. Tuliporudi Kampala, ni yeye mwenyewe aliyesema twende kliniki.

Fundi wa vifaa vya masikio alikuwa mwanamke kutoka Kenya, kwa hiyo mama hakuhitaji mkalimani. Fundi alikigusa kile kipande cha plastiki kwa kidole, kikacheza.

"Mama, umekonda?"

"Nimezeeka."

"Basi hata sikio limebadilika. Kifaa chenyewe ni kizima."

Akatueleza. Maikrofoni iliyo nje hupokea sauti, amplifaya ndogo huikuza, na spika huipeleka ndani ya sikio. Plastiki ikilegea, sauti huvuja na kutoka nje. Ikikutana na kitu cha karibu, kama kiganja, bega au shavu la mtu, hugonga na kurudi kwenye maikrofoni. Kifaa hakijui kwamba hiyo ni sauti yake chenyewe. Kinaikuza tena, inavuja tena, inarudi na nguvu zaidi, mpaka inakuwa mluzi. Ni kama kanisani, mhubiri anapopita na maikrofoni mbele ya spika.

Nilimuuliza kama kila sauti inayorudi huleta fujo.

"Hapana," alisema. "Inategemea inarudi vipi. Ikirudi ikisukuma upande ule ule, inajiongeza. Ikirudishwa kinyume, inaipunguza ile ya kwanza, na amplifaya inatulia. Wanaotengeneza amplifaya hufanya hivyo makusudi. Nguvu inapungua kidogo, lakini sauti inakuwa safi. Vifaa vipya hutumia njia kama hiyo kufuta mluzi. Hiki cha mama ni cha zamani, lakini kinachohitajika ni plastiki mpya tu."

"Plastiki tu?" mama aliuliza.

"Tu, mama."

Tukirudi, tulikwama kwenye msongamano wa magari wa Nakivubo. Mimi nilitazama nje. Nilikuwa nikifikiria kwamba kutoka nyumbani kwetu hadi kliniki ile si safari ya kumchosha mtu.

Plastiki mpya ilipokuwa tayari, fundi alimvisha mama, kisha akainama mpaka shavu lake likakaribia kugusa sikio, akanong'ona, "Mama, unanisikia?"

Kifaa kilikaa kimya. Mama akaitikia kwa kichwa, kisha akafunika uso kwa mikono yote miwili.

"Inauma?" fundi aliuliza kwa wasiwasi.

"Haiumi," mama alisema.

Sasa anakivaa kutwa nzima, na wajukuu wanamkumbatia wanavyotaka. Lakini tukikaa kumenya matoke huniuliza, "Afande alikuwa anasema nini siku zile?" Namwambia ninayoyakumbuka: kwamba chumvi imezidi, kwamba samaki wa soko la Ggaba siku hizi ni wadogo, kwamba mpira wa leo timu yake itafungwa. Mara moja baba alimwambia kuwa anapendeza na kile kitenge cha kijani. Mama alitaka nirudie hilo, nikarudia.

Mengine sikuyasikia. Hakuwa akiniambia mimi.