Barua ya Dada Haikusomwa

Mpiga chapa mmoja alimkosea dada yake aliyemlea. Aliandika barua kwa niaba yake, akamshika kidole gumba akakichovya kwenye wino, na hakumsomea kilichoandikwa.

Kazi yake ni kupiga chapa. Ana meza na mashine moja katika duka la fotokopi, na watu wasiojua Kiingereza humweleza shida zao kwa Kiswahili, yeye akaziandika kwa Kiingereza. Alikisoma Kiingereza hicho kwa jasho la dada yake, aliyeacha shule darasa la tatu akaenda kufua nguo za watu.

Siku hiyo dada alikuja mbio. Mashuka yalikuwa yakipotea katika hosteli anakofua, na meneja alitaka maelezo yake kwa Kiingereza, ukurasa mmoja tu, kabla ya saa sita.

"Andika nilichosema mimi na alichosema mtunza stoo," dada alisema. "Usinichanganye na yule mwizi."

"Dada, si ndiyo kazi yangu hii?"

"Najua. Ndiyo maana sikwenda kwa yule mwenzako mwenye miwani, anayeandika kama kuku aliyeona funza."

Mwanzoni aliandika vizuri. Kila msemaji alimpa mstari wake, maneno yake akayafunga ndani ya alama za kunukuu, hata hakukuwa na haja ya kurudia "akasema". Mstari wa dada: nilimwambia mashuka mawili hayaonekani. Mstari wa chini yake, ndani ya alama, mtunza stoo akajibu: chukua na wewe, nani anahesabu?

Barua ikafurika hadi ukurasa wa pili. Foleni ilikuwa imefika mlangoni, na mzee mmoja anagonga meza kwa ufunguo. Basi akaiunganisha mistari yote, na alama zilipomkalia vibaya katikati, akazifuta. Ukurasa ukatosha.

Duka lina sharti moja: hakuna anayetia sahihi kabla ya kusomewa barua yake kwa Kiswahili. Mzee wa ufunguo alisomewa mara mbili.

"Mimi hunisomei?" dada aliuliza.

"Dada nawe! Nikuandikie uongo mimi?"

Dada akacheka, akabonyeza kidole.

Meneja alisoma kilichokuwepo: mfuaji anamwambia mtunza stoo mashuka hayaonekani, chukua na wewe, nani anahesabu, kana kwamba yote ni maneno ya mfuaji. Akamfukuza; miaka kumi na tisa ya kufua ikaishia hapo hapo mlangoni pa hosteli. Mtunza stoo bado yupo, funguo zinamlia kiunoni.

Dada anaamini meneja alikuwa na lake jambo. Humlaani kila wanapokaa pamoja, na mdogo wake huitikia, "Watu hawana utu, dada," akimmiminia chai.

Barua amekwisha kuiandika upya, kurasa mbili, kila alama mahali pake. Huu mwezi wa pili imelala kwenye droo, chini ya karatasi za kaboni. Kila asubuhi huifungua droo, akaitazama, akaifunga.

Bado hajamketisha dada yake akamsomea ile barua ya kwanza, neno kwa neno. Bado hajaenda naye kwa meneja akasema kwa mdomo wake nani alisema nini, na nani alifuta. Hayo anadaiwa yeye, na mtu mwingine hawezi kumlipia. Anayemdai yuko nyumbani, anamwekea chakula, wala hajui kama anadai.