Difu ya Kurudi na Mzigo

Nakumbuka asubuhi moja ya mwaka 2013, kwenye gereji ya fundi Rashidi pale Kasulu, mimi na baba yako tumesimama kila mtu upande wake wa lori kama watu wanaogombea mpaka wa shamba. Usicheke, mwanangu. Jana ulikuja kuniuliza habari za difu, nikakuambia nimechoka, njoo kesho. Nilikuwa nimechoka kweli, ila si magoti tu yaliyonichosha. Habari hii inanichosha hata kabla sijaianza, ndiyo maana hujawahi kuisikia.

Kaa basi. Sogeza hicho kigoda, hapo jua litakufuata.

Lile lori aliniachia marehemu mume wangu. Lilikuwa limetoka Dar es Salaam, limezoea lami na tambarare. Dereva wangu alikuwa baba yako, pacha wangu. Mimi wa kwanza, Bukuru, yeye wa pili, Butoyi, kama mapacha wote wa Kiha. Yeye anaendesha, mimi nakaa pembeni yake, maana biashara ya mahindi na maharage ilikuwa yangu. Tukaamua kufunga tela ili tubebe zaidi. Haukupita muda difu, zile gia za ekseli ya nyuma zinazozungusha matairi, ikavunjika meno, tukakokotwa hadi kwa Rashidi.

Rashidi alikuwa na difu mbili zilizotumika, zote zinaingia kwenye lori letu. Akafuta mikono yake, akaniuliza, "Mama, unataka mbio au unataka nguvu? Vyote kwa pamoja sina."

Nikamwambia anieleze kama mtu asiyejua kitu, kwa sababu sikujua kitu. Akasema difu ya mbio, injini ikizunguka kidogo tu tairi limeshazunguka. Gari tupu linakwenda mpaka unashika kilemba, lakini ukilifungia tela na mlima uko mbele, linakohoa na kuzima. Difu ya nguvu, injini inazunguka sana ndipo tairi lizunguke mara moja. Polepole, kelele nyingi, lakini linavuta. Na kwenye mteremko injini yenyewe inalishika gari, hutegemei breki peke yake.

Baba yako akadakia, "Mbio!" Na alikuwa na sababu, nisimsingizie. Kule gulioni Kibondo wapakiaji walikuwa na utaratibu wao: lori linalofika kwanza ndilo linalopakiwa kwanza. Basi asubuhi malori ya Kasulu yanaondoka matupu, yanakimbizana vumbi hadi mlangoni. Ukifika wa mwisho magunia mazuri yamekwisha, unaokoteza mabaki. Kwa hiyo kila dereva alichagua difu kwa ajili ya safari ya kwenda, wakati hana hata gunia moja. Safari ya kurudi, tela limejaa na mlima wa kutoka mtoni Malagarasi uko mbele yake, hiyo walimwachia Mungu.

Mimi nikasema nguvu. Nilikuwa na watoto wanaokula kwa lori lile. Halafu kila safari akina mama wa sokoni walikuwa wanapanda juu ya magunia, hata uwakataze vipi.

"Bukuru, unataka kunifanya kichekesho," baba yako akasema, mbele ya fundi.

Na kichekesho akawa, lazima niseme ukweli. Wenzake wakatupita kwa honi, wakipiga kelele kwamba trekta la mama limeingia barabarani. Tukifika gulioni tunakuta wapakiaji wameshaketi wanakunywa chai. Tukarudi na nusu mzigo, na safari iliyofuata hivyo hivyo. Baba yako alikuwa mtu wa kupenda sifa, mwanangu, na wewe umechukua hapo. Usinikunjie uso, nasema ninachokiona. Tukabishana njiani, tukabishana nyumbani, mpaka mama yako akatufukuza tukabishanie nje. Mwishowe baba yako akaniwekea funguo mezani, akaenda kuendesha lori la tajiri mmoja wa mjini, lenye difu ya mbio na tela refu. Sikumfuata. Nilikuwa hoi kwa mabishano, naye alikuwa mtu mzima.

Nikamwajiri Mzee Sefu, mtu wa Ujiji, dereva wa siku nyingi, mswalihina, anaendesha kama amepakia mayai. Kupitwa hakukumsumbua hata kidogo. Tulikuwa tunaondoka jana yake, tunalala Kibondo, asubuhi tunakuwa wa kwanza. Basi, ndivyo tu. Ningejua dawa ilikuwa hiyo, labda baba yako asingeondoka. Lakini ningejuaje?

Sasa siku yenyewe. Manyunyu yalikuwa yameanguka tangu asubuhi, udongo mwekundu umelainika. Tumevuka daraja la Malagarasi, tumeanza mlima, Mzee Sefu yuko gia namba moja, injini inalia. Kwenye kona nikaona tela limesimama mbele yetu, tela refu. Nikalijua. Lilikuwa la baba yako.

Lori lake lilikuwa limezimika katikati ya mlima. Alikuwa amejaribu kuondoka mpaka klachi ikaungua. Harufu yake ilitufikia huku chini. Breki ya mkono ya lori lile ilikufa zamani, tajiri hakutengeneza, kwa hiyo alikuwa amekanyaga breki ya mguu, na upepo wa breki unazidi kupungua kwa sababu injini haiwaki. Utingo wake ameweka magogo nyuma ya matairi, lakini kwenye tope lile magogo yalikuwa yanateleza tu. Abiria wake walikuwa wamesharuka. Yeye asingeweza kuruka. Akiinua mguu, lori na tela vinashuka.

Vinashuka wapi? Kwetu. Upande mmoja ukuta wa udongo, upande wa pili korongo, na juu ya magunia yetu wamekaa akina mama, wengine na watoto mgongoni. Mzee Sefu akaanza kurudi nyuma, lakini kurudisha tela lililojaa kwenye mteremko wa utelezi si kitu cha kuharakisha. Nikatoa kichwa dirishani nikaita, "Butoyi!" Nikauona uso wake kwenye kioo cha pembeni. Akaniona. Tumezaliwa siku moja mimi na yeye, uso ule siwezi kuukosea.

Magogo yakachomoka. Lori likaanza kushuka, na hapo hapo nikaona kichwa cha lori kinakata kona. Tela likajikunja, likajichimbia kwenye ukuta wa udongo, na lori likalala ubavu, upande wa dereva. Likasimama karibu nasi kiasi cha kuligusa.

Watu wote husema baba yako alipata ajali. Yeye mwenyewe anakuambia lori liliteleza. Halikuteleza, mwanangu. Aligeuza usukani.

Akina mama wale wale walishuka wakachimba tope kwa mikono mpaka tukamtoa. Tukamkimbiza hospitali ya Kabanga. Madaktari walimwokoa, mguu haukuokoka.

Alipozinduka nilikuwa kando ya kitanda. Na unajua nilichotaka kumwambia? Nilikuwa nimevimba kwa uchungu na hasira na hofu, nikafungua mdomo, "Butoyi, si nilikuam—" Mzee Sefu akanishika mkono akanitoa nje. Mtu mpole yule, sikuwahi kumsikia akigomba. Siku hiyo aligomba. "Bukuru, mwanangu, ndugu yako ametoa mguu wake ili wewe usimame hapa. Leo unataka akukubalie kwamba ulikuwa sahihi? Neno hilo limeze. Usilitoe leo, usilitoe hata mkizeeka."

Nikalimeza. Yoo, limenikaa hapa miaka yote hii. Siku hizi hata hasira sina tena. Nikimwona anashuka barazani kwa magongo nataka kumwambia asante tu, na hiyo nayo hataki kuisikia. Akiona nimeanza kumwangalia vile, ananiuliza bei ya maharage. Nimechoka kumtajia bei ya maharage.

Haya, sasa wewe. Umenunua lori, tunamshukuru Mungu. Vijana wenzako wamekuambia difu ya mbio inaokoa mafuta na unawahi. Kwa gari lisilo na tela, kwenye tambarare, ni kweli, siwabishii. Lakini wewe unataka kufunga tela, na njia yako inapita Malagarasi. Mwambie fundi unataka nguvu. Usichague kwa safari ya kwenda, chagua kwa ile ya kurudi, gari limejaa, limesimama katikati ya mlima, na chini yako kuna watu. Kisha mjaribu fundi huyo: pakia mzigo, panda mlima, simamisha gari katikati, asubuhi, njia ikiwa tupu. Likiondoka bila klachi kunuka, chukua. Likigoma, mrudishie difu yake, hata akuapie kwa mama yake.

Breki ya mkono ikifa, lori lisitoke, tajiri awe wewe au mwingine. Ukitaka kuwahi, ondoka mapema. Wakikupigia honi, wapishe. Watakucheka, ndiyo, na utaumia, nakujua. Uumie hivyo hivyo.

Kwa baba yako usiende kuuliza. Mwambie tu umechagua difu ya nguvu, halafu ukae kimya, umwache aulize bei ya maharage akitaka.

Njoo nikushike kichwa. Mungu akupandishe milima yako yote, hata ikiwa polepole, na kila akikupeleka akurudishe nyumbani, mwanangu, kwa miguu yako yote miwili.