Kumbikumbi Wakitoka, Zimeni Taa

Nilirudi Nyabiondo mvua zilipoanza, na kabla mtu yeyote hajanisalimia, taa ilinimulika usoni. Projekteri ya solar, juu ya depo, yaani ghala, ya jirani yetu mfanyabiashara, imeelekezwa mlimani kwetu kana kwamba sisi ndio wezi. Jamani! Hata maharage shambani hayapati usingizi.

Rafiki yangu, kama ulikulia huku, unaijua sheria yetu: jioni ya kumbikumbi, hakuna nyumba kuacha mwanga nje. Nyanya yangu, Tate kwa watu wote wa mlima, alikuwa na kichuguu chake nyuma ya jiko. Mchana alichimba shimo pembeni, akatandika majani ya ndizi. Mvua ikikatika, alipaza sauti: "Mama, zima! Papa, funga mulango!" Na watu walizima, hata wale aliogombana nao asubuhi. Ndipo akawasha mwenge mmoja wa matete juu ya shimo. Kumbikumbi wakamiminika, mabawa yakitunatia shingoni, nasi tukiwala wengine wabichi. Waliobaki aliwakaanga kwa chumvi, tukala na bugali. Zamu ya kichuguu cha jirani ikifika, sisi nasi tulizima.

Safari hii nilimkuta Tate amekaa palepale, mwenge mkononi. Kumbikumbi wakatoka, wengi ajabu, wakapita juu ya kichwa chake, wakaifuata ile taa moja kwa moja hadi ukuta wa depo. Asubuhi mlinzi akawafagia pamoja na takataka. Damu ilinichemka.

Nikaenda kwa jirani mwenye depo. "Papa, geuza taa iangalie chini, kwa mulango yako. Ao uizime kidogo jioni za mvua. Tate iko anakosa kumbikumbi."

Akacheka kwa roho nzuri kabisa, na hilo ndilo linaloniudhi. "Kaka, wewe muntu wa muji, unataka giza? Usijali. Tate iko anateseka, nimeelewa."

Ameelewa nini? Kesho yake alituma fundi kufunga projekteri ya pili, zawadi, juu ya jiko la Tate, ikimulika kichuguu chenyewe. Majirani wakapiga makofi. Tate, mtu wa adabu, akashukuru kwa mikono miwili. Tangu hapo kumbikumbi hurukia taa juu ya paa, naye hajachimba shimo tena.

Sasa watoto wa mlima wananiuliza kumbikumbi wabichi wana ladha gani. Kichuguu kiko palepale nyuma ya jiko, kinawatoa kila mvua, na mimi nawaeleza kwa mdomo. Ni aibu!