Zamu ya Kutazama Maji

Mimi ni mwoga, na sioni haya kulisema. Nimezaliwa Mombasa, lakini hata bahari ya kwetu naiheshimu kutoka mbali, miguu ikiwa mikavu. Kwa hiyo rafiki yangu niliyesoma naye chuo aliponialika kwao Tanzania, nilimsumbua kwa maswali: mpakani pale Sirari kukoje, chakula kikoje, mbu wakoje. Sikumuuliza kuhusu mamba. Nani anauliza kuhusu mamba?

Yeye alikuwa kazini Musoma na likizo yake ilikuwa haijafika. Akanisindikiza mpaka Bunda, kisha Kibara, kando ya ziwa, nikae kwa wazazi wake huku nikimsubiri. Baba alishinda kwenye pamba. Nikabaki na mama, ambaye alinipenda tangu shikamoo ya kwanza. Alinisongea ugali wa muhogo na mtama, mweusi na mzito, akaniwekea mimi sato mnono na yeye akala furu, visamaki vyenye miba. Nikikataa, ananuna.

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama hakunipa jembe. Alinipa jiwe.

Bomba la mtaani lilikuwa limekauka, pampu imekufa, na watu wamerudi kuteka maji ziwani. Mahali pa kutekea palikuwa na wigo wa miti iliyopigiliwa ndani ya maji kuzuia mamba, ila mawimbi yalikuwa yameung'oa upande mmoja, na wa kuutengeneza walikuwa wanavuna pamba. Kwa hiyo hakuna aliyeteka peke yake. Mmoja anaingia na ndoo mpaka magotini, mwenzake anakaa juu ya jiwe kubwa na kutazama. Haongei, hashiki simu, hamwangalii anayeteka. Anatazama maji, na akiona chochote anapiga kelele.

"Chochote kama nini, mama?" niliuliza.

"Chochote. Usingojage mpaka ukijue. Ukishakijua, mimi nimeshaenda."

Alisema hivyo kama mtu anayeeleza namna ya kuchemsha chai. Nilitaka kumwambia atafute jirani, lakini majirani walikuwa shambani na mtungi ulikuwa mtupu.

Asubuhi ile ya kwanza niliona shingo nyeusi ikichomoza majini, nikapiga ukelele mpaka koo likauma. Mama alitoka mbio. Kumbe ni mnandi, yule ndege mweusi anayezamia samaki. Alitutazama, akazama tena. Wavuvi wawili waliokuwa wanashona nyavu karibu nasi walicheka mpaka mmoja akashika mbavu.

"Wa Mombasa kaona mamba mwenye mabawa!"

Niliona aibu hadi masikioni. Mama hakucheka. Aliwaendea moja kwa moja, khanga ikichuruzika maji.

"Mnamcheka ya nini? Mkimcheka leo, kesho ataona kitu anyamaze. Mtanizika nyie? Hapa hatuchekagi mtu wa jiwe, na mnajua."

Waliinamisha vichwa. Mimi niliona amezidisha, utani ni utani tu.

Kesho yake ndipo nilipomwelewa. Nilikaa juu ya jiwe, na kabla sijaona lolote nilikuwa tayari nabishana na nafsi yangu: lile ni gugu, kile ni kivuli, usijiaibishe tena. Bibi yangu hupenda kusema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nimeusikia msemo huo tangu utoto, ila sikujua kwamba mwoga anaweza kukiogopa kicheko kuliko kilio.

Upepo ulikuwa unatoka ziwani, unasukuma magugu maji yote kuja kwetu. Karibu na pengo la wigo, kipande kimoja kilikuwa hakiji. Kilikuwa kinakwenda pembeni, taratibu, kwa safari yake. Nyuma yangu nilisikia wavuvi wakizungumza, nikakisikia kicheko chao kabla hawajacheka. Mama alikuwa ameinama, anajaza ndoo. Nikapiga kelele.

Hakuuliza, hakugeuka. Aliiachia ndoo palepale akatoka.

Tulisimama mchangani. Maji yalikuwa matulivu. Ndoo ya bluu ilielea, ikizunguka polepole. Hakuna kitu. Mvuvi mmoja alikohoa, nikajua anameza kicheko.

"Nisamehe, mama," nikasema. "Ngoja nikuletee ndoo."

Nikapiga hatua. Mama alinidaka mkono akaubana mpaka nikaumia.

Ndoo ikaenda chini. Haikujaa ikazama, ilivutwa, mara moja, maji yakafunga juu yake. Iliibukia mbali kidogo, imepasuka ubavuni. Nilipogeuka, wavuvi wote wawili walikuwa wamesimama na wavu umewaponyoka.

Nilikaa chini nikalia kama mtoto, na mama akakaa kando yangu, akinipapasa mgongo.

"Umeona vizuri, mwanangu. Una macho."

Nilidhani kwa hilo tumemaliza. Lakini mtungi haukujua habari za mamba. Mchana alitafuta ndoo nyingine, akanichukua mpaka mahali pengine penye maji mafupi na ufuko ulio wazi. Nilimsihi tumngoje baba. Akasema baba naye atarudi na kiu.

Akaingia majini. Asubuhi zile mbili nilizomtazamia maji, nilimwona kwa pembe ya jicho akiinua kichwa kila mara kuangalia ziwa mwenyewe, maana nani angemtegemea mgeni aliyeshtushwa na ndege? Mchana ule hakuinua. Aliligeuzia ziwa mgongo, akawa anasugua ndoo kwa mchanga, bila haraka, akiimba pole pole wimbo wa kanisani. Mimi nilikuwa sipepesi macho, jua linanichoma, machozi yananitoka, naogopa kuliko nilivyoogopa asubuhi.

"Mama, tazama na wewe!" nikamwita.

Akajibu bila kugeuka. "Nitazame ya nini? Si upo?"